Usiuze Pikipiki kwa Sababu ya Jino

Naikumbuka vizuri siku ile shangazi yangu Nyassa alipokalia sanduku la cherehani yangu, akakunja mikono na kukataa kuinuka. Mbebaji alikuwa amesimama mlangoni anangoja, nami nilikuwa ninaona haya mbele yake. Shangazi hakuona haya hata kidogo. Alimwambia mbebaji aende zake, na mbebaji akaenda.

Mwanangu Neema, nimekuita kwa sababu nimesikia unatafuta mtu wa kununua pikipiki yako. Nimesikia pia unazitaka pesa hizo kwa kazi gani. Usimkasirikie aliyeniambia, maana Baraka yetu hii imekuwa mji lakini habari zake bado zinatembea kwa miguu kutoka mlango hadi mlango kama zamani. Kunywa chai yako, tia sukari unavyopenda, unisikilize mpaka mwisho. Nikimaliza utafanya unavyotaka. Mdomo ni wako na pikipiki ni yako.

Wakati ninaousema nilikuwa na umri kama wako, nikifundisha darasa la kwanza hapahapa Baraka. Ulikuwa wakati wa vita. Vilikuja, vikaondoka, vikarudi tena kabla hatujapumua. Watu wengi walikuwa wamevuka Ziwa Tanganyika, wako kambini Tanzania. Sisi tuliobaki tulikuwa tunakimbia na kurudi, na shule nayo inafungwa na kufunguliwa. Serikali ilikuwa imetusahau zamani. Walionilipa ni wazazi: huyu analeta unga wa muhogo, yule samaki wadogo wa ndagala, mwingine analeta maneno mazuri tu. Kilichonilisha kwa kweli ni cherehani. Asubuhi nilishika chaki, mchana nilikanyaga cherehani, na hivyo ndivyo nilivyoishi bila kumwomba mtu.

Siku moja tulikimbia tena, safari hiyo kuelekea rasi ya Ubwari kwa mtumbwi. Wenzangu walibeba watoto mgongoni. Mimi sikuwa bado na mtoto, nikafunga kichwa cha cherehani kwa kitenge, nikakibeba mgongoni kama mtoto. Kwenye mawe ya ufukwe niliteleza, ule uzito wa chuma ukanisukuma mbele, na mdomo ukagonga ubavu wa mtumbwi. Meno manne ya mbele, ya juu, yakabaki majini. Tulipofika ng'ambo watu walinipa pole, nami nilikuwa nafungua kitenge kuangalia kama cherehani imevunjika. Haikuwa na mkwaruzo. Nilicheka kwa furaha na damu inanitoka, na shangazi akadhani nimerukwa na akili.

Kicheko kiliisha tuliporudi na shule kufunguliwa. Mtu hajui kazi ya meno ya mbele mpaka asimame mbele ya watoto wanaojifunza kusoma. Niliandika "fa" ubaoni, nikaisoma, ikatoka hewa tupu. Watoto wote wakarudia hewa ileile. Hawakunicheka, Neema. Wangenicheka ningevumilia. Walidhani ndivyo herufi ile inavyosomwa, wakaisoma vile kwa bidii, na jioni wakaenda kuisoma vile nyumbani kwao.

Baada ya wiki chache direkta wa shule aliniita. Alikuwa mtu mwema na alitazama chini alipokuwa akisema.

"Madamu, mi nakuheshimu sana. Lakini bazazi banalalamika, batoto banasoma mubaya. Tumalize trimestri hii. Kama meno haipatikane, darasa nitaipatia muntu mwingine."

Maana yake, muhula ukiisha nami nimeisha. Niliumia sana. Kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote, na katika mji ule ambao kila kitu kilikuwa kinavunjwa, mimi nilikuwa najua angalau jambo moja ninalolijenga.

Basi nikaenda kwa Dokta Amisi. Huyu alikuwa amejifunza kazi ya meno kabla ya vita, na alikuwa na chumba nyuma ya soko, na kiti kimoja, na ndoo ya plasta. Aliniangalia mdomoni, akaniambia kwamba katika miji mikubwa ya nje wanatoboa mfupa wa taya, wanaweka skrubu, na juu ya skrubu wanaweka jino ambalo halitoki tena. Yeye hakuwa na umeme wala mashine ya kupiga picha ya mfupa, kwa hiyo asingenidanganya. Angenitengenezea kisahani cha rangi ya ufizi chenye meno manne, kinachoshikwa na waya kwenye magego. Nikamuuliza bei.

Hapa ufungue masikio. Nilimuuliza bei, naye hakunijibu bei. Aliniuliza, "Uko na nini?"

Nami, mwalimu mzima niliyesoma, nikamjibu, "Niko na cherehani."

"Basi leta cherehani," akasema.

Nikatoka pale nimefurahi. Nilijiona nimepata. Nikaita mbebaji, na hapo ndipo shangazi yangu alipokalia sanduku.

Shangazi Nyassa ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufa. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene, na hasira yake ilikuwa na utaratibu: kwanza ananyamaza, halafu anauliza maswali, halafu ndipo unajua umekwisha. Aliniuliza Dokta alisema nini. Nikamweleza. Akaniuliza mimi nilisema nini. Nikamweleza.

"Muntu anakuuliza uko na nini, na weye unamwambia," akasema. "Sasa bei ya meno njo imekuwa bei ya mali yako. Kama ungekuwa na ngombe kumi, meno ingekuwa ngombe kumi. Ungekuwa na kuku moja, angefanya kwa kuku."

"Shangazi, darasa yangu inaenda."

"Mi sikatae meno. Meno utapata. Minakataa ulipe meno na mikono yako. Ukisha kupata hayo meno, utatafuna nini?"

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuona linahusu nini. "Binti ya kwetu akiposwa, mahari inalipwaka siku moja?"

"Hapana."

"Juu ya nini?" akataka sababu.

"Juu muntu akimaliza yote siku moja, hatarudi tena kwa bakwe yake."

"Sasa weye unataka kumaliza yote siku ya kwanza, na muntu mwenye haiko hata ndugu yako."

Ninyi vijana wa leo mnasema mahari ni mzigo, na kweli kuna familia zinazoyafanya mzigo. Lakini wazee wetu waliokuwa wakikaa kwenye mkeka kuyazungumza walikuwa wanajua kitu kuhusu kulipa ambacho hakifundishwi shuleni. Mambo yote yanatajwa mbele ya watu. Halafu yanakatwa vipande, na kila kipande kinakwenda na hatua yake. Na daima kinabaki kidogo, si kwa ubahili, ila ili pande mbili ziendelee kutafutana.

Shangazi aliamua kwamba meno yangu yataposwa. Sikutanii. Alimwita Mzee Etabo, aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu katika posa zote, wakavaa nguo zao za ibada, wakachukua mkeka na chupa kubwa ya mafuta ya mawese ya kufungulia mlango, wakanitanguliza mpaka kwa Dokta. Nilitamani ardhi inimeze. Dokta naye alipowaona wanatandika mkeka chumbani mwake alishika kichwa.

Mzee Etabo hakuharakishwa na mtu. Aliuliza afya ya Dokta, ya mkewe na ya watoto, akaulizia na wazazi wake walioko kwao. Kisha akasema, "Dokta, tumekuja juu ya mutoto wetu. Utaje yote. Usifiche kitu. Kile utataja leo, njo hicho. Kile hautataja leo, kesho hatutakisikia."

Dokta akaanza kutaja. Kuna plasta na nta ya kuchukulia umbo la kinywa. Kuna dawa ya kutengenezea kisahani, inayotoka Kigoma kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi anataka pesa mkononi. Kuna meno yenyewe na waya. Kuna kazi yake. Alipomaliza, shangazi akauliza, "Na kama inamuumiza?"

"Atarudi, nitachonga."

"Kwa bei gani?"

Dokta akaitazama ndoo yake ya plasta. Nilimwona anafikiri. "Bule," akasema mwishowe, na Mzee Etabo akarudia neno lile kwa sauti ili kila mtu aliyekuwa pale alisikie.

Bei yote ilipotajwa, ikaonekana haifiki hata nusu ya thamani ya cherehani. Wakaikata vipande. Pesa ya dawa ya Kigoma tungeitoa kwanza, kwa sababu hiyo haikuwa yake bali ya mwenye mtumbwi. Meno yakiingia mdomoni, ningemshonea koti jeupe la kazi na nguo za mkewe. Na mwisho kabisa angepata mbuzi, lakini mbuzi huyo asingetoka kwetu mpaka mimi nile bugali na samaki, nitafune na mahindi ya kuchoma, na nifundishe wiki nzima bila maumivu.

Dokta alicheka. Kisha kicheko kikamwisha, akasema jambo ambalo sijalisahau. "Muko na haki. Nikipokea cherehani leo, kesho benye bunduki batakuja kuiangalia. Koti na mafuta haibapendezi sana."

Ndivyo mambo yalivyokuwa, mwanangu. Mtu aliyelipwa yote kwa mara moja alikuwa anatafutwa. Vipande vidogo vilimfaa yeye kama vilivyotufaa sisi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba shangazi hakwenda kumbana Dokta. Alikwenda kumtafutia njia ambayo naye angeweza kuipita.

Mtaa mzima ulisema ninaposwa na Dokta. Walikuwa wameona mkeka, wameona mafuta na Mzee Etabo, sasa walitaka nini zaidi? Direkta alinipongeza. Mke wa Dokta alikuja mwenyewe kuniona, uso umekunjwa. Nikamfungulia mdomo aone lile pengo, akacheka mpaka akakaa chini, tukapima nguo yake papo hapo. Alikuwa rafiki yangu mpaka alipofariki.

Jirani yetu Bwana Alimasi, mwenye mtumbwi wa mota, alitucheka pia, lakini kwa dharau. Yeye alihitaji meno mengi kuliko mimi na alikuwa na dhahabu kidogo aliyoipata kwa wachimbaji wa Lulimba. Aliitoa yote kwa Dokta siku moja, akasema yeye ni mwanaume, hana muda wa kuposa meno.

Nilitoa pesa ya dawa. Nilishona magauni ya kwaya usiku na mchana kuipata, na cherehani ikaifanya kazi hiyo bila kutoka ndani ya nyumba. Kisahani kikaja. Dokta akakiweka, nikatazama kioo, nikalia. Nilikuwa nimesahau uso wangu. Nikampa koti lake na nguo za mkewe.

Lakini baada ya siku chache kisahani kikaanza kunikata ufizi. Nikienda kufundisha ninakivua katikati ya somo, na ile hewa tupu inarudi. Nikaenda kwa Dokta, nikakuta chumba kimefungwa. Alikuwa amekwenda Lulimba, kwenye machimbo, kwa sababu kule vijana wenye dhahabu walitaka meno ya dhahabu. Alimwacha Bwana Alimasi na umbo la nta tu. Bwana Alimasi alizunguka mtaani akimtukana, na kwa kuwa hakuwa na meno hata matusi yenyewe hayakusikika vizuri. Siku hizo nilimcheka. Leo namwonea huruma.

Mimi nilikata tamaa. Trimestri ilikuwa inakaribia mwisho, na njia ya Lulimba ilikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki wa kila aina. Nilimwambia shangazi kwamba sasa yamekwisha, darasa limekwenda. Alikuwa anachambua majani ya muhogo ya sombe. Hakuinua hata kichwa.

"Mbuzi yake iko hapa inakula majani yetu," akasema. "Atakuja."

Na alikuja. Alifika na wafanyabiashara waliokuwa wanashusha mchele, amechoka, viatu vimekwisha, na kabla hajafika kwake alipita kwetu. Alimsalimia shangazi kama mkwe, kwa heshima yote. Kisha akauliza kama mbuzi ni mzima. Shangazi akamwambia mbuzi ni mzima, ila mutoto anaumia. Dokta akatoa tupa yake ndogo palepale uani, akachonga kisahani, akakiweka, akakitoa, akachonga tena, mpaka nikatafuna mahindi mbele yao wote na mate yakanitoka kwa raha.

Bwana Alimasi alisikia, akaja mbio na fimbo. Mzee Etabo akamkalisha. Dokta alikiri mbele yetu kwamba dhahabu ile ilikwisha siku nyingi. Mtoto wake alikuwa ameugua, dawa zilikuwa ghali, na ndiyo maana alikwenda Lulimba. Nilimtazama na sikuona mwizi. Nilimwona mtu mwenye njaa aliyekuwa amekwisha lipwa, kwa hiyo kila kesho yake ilikuwa inamvuta kwa mtu mwingine ambaye hajamlipa. Bwana Alimasi alipata meno yake baadaye sana, na dawa ya Kigoma aliilipia mara ya pili.

Jumatatu nikaingia darasani. Niliandika "fa", nikaisoma, na ilitoka jinsi inavyotakiwa. Watoto wakaduwaa kidogo, wakatazamana, kisha wakaisoma nyuma yangu kwa nguvu zote. Direkta alisimama dirishani. Kisha akaendelea na njia yake, na darasa lile nikalifundisha miaka mingine mingi. Wiki ilipoisha nilimpeleka mbuzi mwenyewe, kwa kamba, nikipita katikati ya soko.

Sasa tuje kwako. Umeanguka, umepoteza jino, na kliniki ya Bujumbura imekutajia dola elfu moja na mia mbili kwa jino moja la kupandikizwa kwenye mfupa. Nikikuuliza dola hizo zinalipa nini, utaniambia, "Jino." Hilo si jibu, mwanangu. Rudi uwaambie wataje yote. Je, ndani yake kuna picha ya taya? Kuna skrubu peke yake, au na jino lenyewe linalokaa juu yake? Maana nimeuliza wanaojua, wakaniambia kwamba mfupa unangojwa miezi uishike skrubu kabla jino halijawekwa, kwa hiyo utavuka mpaka zaidi ya mara moja, utalala mahali, utakula, utanunua dawa. Hizo nazo ni bei ya jino hata kama hakuna aliyezitaja. Uulize pia skrubu ikikataa kushika ni nani anayelipa kuirudia, na wakujibu mbele ya mtu mwingine, kwa maandishi. Halafu uliza bei hiyohiyo Uvira na Bukavu kabla hujatoa hata dola moja.

Kazi hiyo inafanyika kwa hatua, basi na malipo yaende kwa hatua: kidogo kwa picha, kingine siku ya skrubu, na cha mwisho utakapokuwa unatafunia upande ule bila maumivu. Waombe hivyo kwa heshima. Wapo watakaokubali, kwa sababu nao wanapenda mteja anayerudi. Wasiokubali uwashukuru utoke. Wakisema ukilipa yote leo watakupunguzia, piga hesabu vizuri, maana unachopunguziwa ni kidogo, na unachokitoa ni ile sababu yao ya kukutafuta.

Na pikipiki usiiuze. Dereva wake anakuletea pesa kila jioni, basi utoe fungu humo, na zamu yako ya likelemba, ule mchango wa mzunguko, ikifika uiongeze. Waambie na ndugu. Watu wetu wanachangia harusi na msiba, na kama hawajakuchangia jino ni kwa sababu hujawaambia, unaona haya. Usiende kwa wale wanaokopesha na kudai mara mbili. Ikibidi kungoja mwaka, weka kisahani kwanza, kama changu, kina bei ndogo na hakijamuua mtu. Jino la skrubu ni zuri, sikukatazi, ulipate. Ila likukute bado una kitu kinachokulisha.

Jumatatu tutakwenda pamoja. Nimekwisha mwambia dereva wa gari atuwekee nafasi mbili. Kule kliniki mimi ndiye nitakayesema. Wakikuuliza una nini, wewe nitazame mimi.

Tangu ulipoanguka nimekuona unacheka ukiziba mdomo kwa kiganja, hata ukiwa na mwanao, na inaniuma moyoni. Mungu akuponye taya, akupe mafundi wakweli na mikono isiyokaa bure. Riziki yako isipungue kwa ajili ya uzuri wako. Mwanao akukumbuke unacheka, mdomo wazi, mikono yako miwili ikiwa imemshika.